Mrija wa Tatu

Busunzu, Kibondo
16 Juni 2022

Shemeji Hatungimana,

Mwakeye. Salamu zinaishia hapo, sina nyingine.

Leo ni siku ya saba tangu wampige risasi kaka yako, na ya tano tangu tumzike. Wewe uliondoka kesho yake tu baada ya mazishi, asubuhi, wanaume wenzako bado wamejifunika mablanketi kwenye moto wa matanga. Hukuniaga. Ange ndiye aliyekuona ukipanda pikipiki, akaja kuniuliza, "Mama, baba mdogo kaenda wapi?" Nikamwambia umefuata dawa. Nimemdanganya mtoto kwa ajili yako, ndani ya juma alilozikwa baba yake!

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya marehemu wameichukua polisi, na yangu nayo wameichukua, eti uchunguzi. Barua anakuletea Nurudini, konda wa basi la asubuhi. Jibu kupitia kwake.

Sasa sikiliza walichokifanya. Wamemkamata Wilondja, yule Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu aliyekuwa akinunua asali kwa kaka yako. Ndiye aliyemkuta mume wangu Nkunzimana ameanguka chini ya mizinga kule Mukarazi. Akaacha madumu yake porini, akakimbia hadi hapa kijijini akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Na kwa kelele hizo ndiyo wamemfunga pingu. Mtu aliyeua anakimbilia kwa watu?

Hapa kila mtu anajua, na kila mtu anakohoa tu. Wote tulikuwepo mkutanoni Nkunzimana aliposema akiwa diwani wetu hatatia sahihi, pori la Mukarazi halitapewa mwenye ng'ombe yeyote. Wote tulimsikia Nestori akisimama na kusema, "Mrundi hawezi kutupangia ardhi." Nestori huyohuyo aliyeshindwa kwenye kura za maoni, na sasa kiti kiko wazi.

Wewe ndiye mwanaume uliyebaki kwenye nyumba hii. Njoo twende kituoni pamoja. Nikienda peke yangu wananiambia, "Mama, nenda kapumzike." Nipumzike!

Ni mimi,
Immakulata

*

Kasulu Mjini
21 Juni 2022

Mpendwa shemeji, Mama Ange,

Nimepokea barua yako na nimelia. Usinihukumu haraka. Huu ndio msimu wa maharage, stoo imejaa na hakuna wa kusimamia. Nisingeondoka kama si hivyo. Mimi naye tulinyonya ziwa moja, unadhani hainiumi?

Shemeji, nakuomba utulie. Tumwachie Mungu, na serikali ifanye kazi yake. Kuhusu huyo Mkongomani, mimi sikumwamini tangu mwanzo. Watu wa kambini unawajua, leo yuko hapa, kesho huna pa kumtafuta. Alizijua njia zote za kwenda kwenye mizinga. Polisi hawamkamati mtu bure.

Jina la Nestori usilitaje tena, hasa kwenye karatasi. Alikuja mazishini, alibeba jeneza bega kwa bega na sisi. Una mtoto wa kumsomesha, Ange yuko kidato cha nne. Fikiria hilo kwanza.

Kuna jambo nauliza tu. Je, marehemu alikuambia kwamba siku ile anakwenda kukutana na mtu? Au alisema chochote kuhusu mimi?

Shemeji yako,
Hatungimana

*

Busunzu
27 Juni 2022

Hatungimana,

Watu wa kambini unawajua! Yoo! Baba yenu alipovuka mpaka kutoka Burundi alikuja na nini, kama si mkeka na wewe mgongoni? Alilala wapi miaka ile? Cheti cha uraia mmekipata juzi, wino haujakauka, na leo unasema "watu wa kambini". Nestori alimwita kaka yako Mrundi mbele ya kadamnasi na ukaumia. Wewe umeandika lilelile kwa mkono wako mwenyewe.

Wilondja ninampelekea chakula Kibondo kila Jumanne na Ijumaa. Nikichelewa hali. Wamempiga hadi sikio moja halisikii. Nikiwa njiani juu ya pikipiki watu wananiangalia kama kichaa: mjane anampelekea ugali muuaji wa mumewe. Waangalie.

Umeuliza kama Nkunzimana aliniambia anakutana na mtu. Aliniambia anakwenda kutazama mizinga. Alinidanganya. Nimelijua hilo tangu polisi waliponirudishia nguo zake kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amevaa koti lake jeusi, lile la kuapishwa udiwani. Nani anaenda kwenye nyuki na koti la kuapishwa? Nyuki wanafuatwa na shati bovu na gunia kichwani. Lazima alilitoa kabatini nikiwa kisimani, akalivalia njiani, nisione.

Wanawake wa hapa wameshapata jibu lao. Wanasema alikuwa na mwanamke kule Mukarazi. Wananong'ona nikipita. Na mimi, Mungu anisamehe, siku mbili nzima niliamini. Nilikwenda makaburini nikamtukana. Nilimtukana mtu aliyelala kwenye udongo mbichi, miaka ishirini na moja ya ndoa, kwa sababu ya koti!

Na nikuulize na mimi. Kwa nini umetaka kujua kama alisema chochote kuhusu wewe?

Immakulata

*

Nyarugusu
3 Julai 2022

Mama Ange,

Jambo mama. Hatujuane. Mimi ni Chantal, bibi ya Wilondja. Minasikia wewe ndiye unamupelekea bwana yangu chakula ku buloko. Aksanti mama, aksanti sana. Mimi siwezi kufika, banakatala kunipa papie ya kutoka kambini.

Banasema bwana yangu aliua mutu juu ya asali. Mama, Wilondja ni mushemasi ku eglizi yetu, hagusake pombe, hagusake hata sigara. Siku ile alitoka hapa anapanda velo yake, na madumu mbili nyuma. Bwana yako ndiye alimuambia afike saa kumi, asifike mbele ya saa kumi. Alimuambia, "Mbele ya pale niko na wageni."

Bageni gani, mama? Polisi nilibaambia hii maneno, hawakuandika. Batoto bangu bane banauliza baba iko wapi, nabaambia iko ku kazi. Naomba uulize bale bageni ni banani.

Chantal

*

Busunzu
9 Julai 2022

Hatungimana,

Hujanijibu. Mwenzako nimefanya kazi ya polisi.

Chantal, mke wa Wilondja, ameniandikia kwamba siku ile Nkunzimana alikuwa na wageni. Nikamchukua Ange tukaenda Mukarazi, mimi na panga, yeye na ufagio. Unajua tangu Juni 9 hakuna askari aliyerudi pale? Tukafyeka majani hatua kwa hatua kuuzunguka mti wa mizinga alipoangukia.

Tumekuta mtungi. Umelala ubavu kwenye nyasi, haujavunjika, una waya shingoni mahali palipopasuka. Ndani kuna machicha ya pombe ya mtama yameota ukungu. Pembeni yake kuna mirija, ile ya matete, mirefu, iliyochongwa vizuri. Nimeihesabu. Mirija mitatu, na yote misafi, haina hata chembe ya machicha. Hakuna aliyekunywa.

Wilondja hagusi pombe. Na Mkongomani wa Fizi hajui mambo yetu ya mtungi na mirija, wala hana sababu ya kuyajua. Mtungi huo umebebwa na mtu wa kwetu. Na wewe unajua kama mimi ninavyojua: mtu hapeleki mtungi porini kwa mwenzake aliyegombana naye ila kwa jambo moja, kuomba yaishe. Aliyekosa analeta mtungi. Aliyekosewa anakuja amevaa vizuri. Ndiyo maana ya koti! Hakuwa na mwanamke. Alikwenda kupatana na mtu, mume wangu yule, na moyo wake wote.

Lakini wanaopatana ni wawili, Hatungimana. Mrija wa tatu ni wa mtu wa kati, yule aliyewaita, anayeonja kwanza na kuwashikisha wenzake mirija mkononi. Bila mtu wa kati hakuna anayekaa.

Nimekaa nafikiri ni nani ambaye Nkunzimana angemwamini kiasi hicho. Wachache sana. Nisaidie kufikiri, wewe ni ndugu yake.

Immakulata

*

Busunzu
18 Julai 2022

Hatungimana,

Nurudini anasema barua uliisoma palepale mlangoni mwa stoo, ukakaa juu ya gunia, ukamwambia hakuna majibu. Siku tisa.

Wilondja anatema damu. Jibu.

Immakulata

*

Kasulu
24 Julai 2022

Mama Ange,

Ukimaliza kuisoma hii, ichome. Nakuomba kwa jina la mama aliyetuzaa, usimwonyeshe mtu, hata Ange.

Mrija wa tatu ni wangu.

Mwezi wa tano Nestori alikuja hapa stoo, amebeba mtungi nyuma ya pikapu. Tulikunywa mimi na yeye, mrija kwa mrija. Alilia, shemeji, machozi ya kweli. Alisema amekosa kumwita kaka Mrundi, kwamba hata bibi yake mzaa mama alitoka upande ule. Alisema anataka yaishe, ila wenzake wa chama wakimwona akiomba radhi hadharani watamcheka. Akaniomba niwe mtu wa kati. Mimi nilifurahi! Nilijiona nimekuwa mkubwa kwenye ukoo, nimepatanisha viongozi.

Nkunzimana alikataa. Nilimpigia mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia, "Kama unamheshimu mama aliyeko kaburini, nenda." Akakubali. Mimi ndiye niliyemwambia wakutane kwenye mizinga. Mimi ndiye niliyemwambia avae vizuri na aje peke yake. Na mimi ndiye niliyemwambia asikuambie wewe, nikasema wanawake watayavuruga.

Nilipaswa kuwepo saa nane mchana. Asubuhi ile likaja lori la kupakia maharage. Nikampigia Nestori waahirishe. Akasema, "Usijali, sisi ni watu wazima, tutaanza na maongezi, wewe utatukuta." Shemeji, mtu wa kati hakosi. Hata awe anaumwa hakosi. Nilijua, na nikabaki napakia magunia.

Siku ya mazishi, tukiwa chini ya jeneza, Nestori aliniegemea sikioni. Alisema, "Simu ya kumwita ilikuwa yako, si yangu." Ndiyo maana nilikimbia. Polisi wana simu ya kaka, namba yangu wanaiona, lakini aliyeishika hataki kuona.

Maneno niliyoandika juu ya Wilondja niliyaandika nikitafuta pa kujificha. Nikisema, watanifunga mimi. Nina watoto watano. Ichome, shemeji.

Hatungimana

*

Busunzu
15 Agosti 2022

Hatungimana,

Sijaichoma. Kiberiti nilichokuwa nacho nimewashia moto wa kupikia.

Juzi Jumamosi tumeondoa matanga. Tumeyaondoa mapema kuliko desturi ya ukoo wenu, watu wamesema, nikawaacha waseme. Nilikuwekea kiti. Nilituma ujumbe mara mbili kwa Nurudini, najua ulifika. Hukuja. Basi nikuelezee ulichokosa.

Nestori alikuja. Si anagombea kiti cha mume wa mtu? Angekosaje? Alikuja na shati jipya na watu wake sita, akakaa mbele, akatoa pole kwa sauti mpaka wa nyuma wakasikia. Nikamwacha amalize. Kisha nikatoka ndani na mtungi. Si mtungi wetu, Hatungimana. Ule wa Mukarazi, wenye waya shingoni. Nilikuwa nimeuosha, nimeujaza pombe mpya. Nikauweka mbele ya magoti yake. Kulia kwake nikaweka kiti chenye koti la Nkunzimana, matundu mawili kifuani yanaonekana. Kushoto kiti chako, kitupu. Nikachomeka mirija mitatu.

Nikamwambia, "Kunywa, mheshimiwa. Mtungi ni wako."

Alisema tumbo linamsumbua. Uso ulikuwa umemshuka. Watu wakaanza kunyoosha shingo. Mama mmoja wa jirani, anayefinyanga, akasema kwa sauti, "Waya huo niliufunga mimi, mtungi huu nilimuuzia mke wa Nestori." Hapo ndipo nilipotoa barua yako kifuani. Nimeisoma yote. Nimesoma mahali alipolia, nimesoma lori, nimesoma maneno aliyokunong'oneza chini ya jeneza. Nimesoma hata mahali uliponiomba niichome, ili wajue wewe ni mtu wa namna gani.

Nestori alisimama kuondoka. Watu wake sita hawakusimama. Wanawake hawakulia wala hawakumgusa, walibaki wamekaa njiani na vigoda vyao, akawa anawaruka mmoja mmoja mpaka barabarani.

Na waliokuwa wakinong'ona habari za mwanamke wa Mukarazi, nimewatazama usoni wote. Hakuna aliyeinua macho.

Leo nimepeleka barua na mtungi kituoni. Mkubwa pale ameisoma, amekuna kichwa, amesema karatasi haiwezi kuapishwa. Mpaka mwandishi aje mwenyewe atoe maelezo, kesi inabaki kama ilivyo na Wilondja anabaki ndani. Umesikia? Kufuli la mlango wa Wilondja ni mdomo wako.

Unasema una watoto watano. Wilondja ana wanne, na baba yao yuko "ku kazi".

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Usipokuja Kibondo, nitakuja mimi Kasulu siku ya soko, nipande juu ya magunia yako ya maharage, niisome tena kutoka mwanzo. Unanijua.

Immakulata

*

Rumande, Kibondo
12 Septemba 2022

Shemeji,

Askari mmoja mwenye huruma ndiye aliyenipa karatasi.

Nilikuja tarehe 29, nimesema yote, nimetia dole gumba. Waliniweka ndani palepale. Ijumaa wamemwachia Wilondja. Tulipishana mlangoni. Nikamwambia mimi ndiye mdogo wake marehemu, mimi ndiye wa tatu. Alinigeuzia sikio lake zima, akasikiliza, akaenda zake.

Nestori hajaguswa. Jina lake wamelitoa kwenye wagombea, lakini anatembea mjini, anakunywa chai. Ataitwa mahakamani tarehe 20 na mimi natakiwa kusema mbele yake. Nimeletewa maneno: nikisema nilichanganywa na msiba, nikakana maelezo yangu, nitatoka siku hiyohiyo.

Sitaki kukana. Ila nikifikiria macho yake najikuta nafanyia mazoezi maneno ya kukana. Chakula cha hapa hakishuki. Shemeji, nitamkie tu kwamba umenisamehe. Nikilipata hilo neno, nitaweza kusema.

Hatungimana

*

Busunzu
16 Septemba 2022

Hatungimana,

Sikusamehe. Unataka nikupe kwanza, halafu ndiyo useme? Ulimwacha kaka yako atangulie, eti wewe utamkuta. Mimi sitangulii. Sema, kisha uniulize tena, na siku hiyo nitajibu nitakavyojisikia.

Ange anakuletea ugali wa muhogo na maharage. Ni maharage ya stoo yako, mkeo amenitumia debe moja. Kula. Kila Jumanne na Ijumaa kitakuja kingine, kama kilivyokuwa kikija kwa Wilondja. Chantal ameandika kwamba amefika nyumbani na watoto wamemng'ang'ania, hata chooni wanamfuata.

Kwenye mfuko, chini ya sufuria, kuna koti la Nkunzimana. Nimelifua na kushona matundu yote mawili. Nimeshona kwa uzi mweupe, makusudi, hakimu ayaone kutoka alipokaa. Mnalingana mabega, litakutosha.

Livae tarehe 20. Ukimwona Nestori na maneno ya kukana yakakujia mdomoni, shika pale penye uzi. Usilivue mpaka umemaliza kusema. Ange ameomba ruhusa shuleni, atakaa benchi la mbele akuangalie.

Immakulata